Vidole Viwili vya Rolo

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Beto Cavazos alivua fulana na kusimama mbele ya kioo cha bafuni. Alisimama ubavu, akavuta pumzi mpaka mbavu zikajitokeza, akakaza kifua. Kisha akageukia upande wa pili na kufanya vilevile, asije akawa ametazama upande mbaya. Kioo kilimpa jibu lilelile la jana: mvulana wa miaka kumi na minne mwenye shingo ndefu, mabega membamba, na kifua bapa kama ubao wa kupigia pasi.

"Kuna mtu huku nje anakaribia kujikojolea," alisema dada yake mdogo, Meli, akigonga mlango. "Kifua hakijaota usiku, kaka. Kingeota ningekisikia."

"Nenda kacheze na wanasesere wako."

"Kuku ana kifua kuliko wewe. Na kuku mwenyewe yuko kwenye friji."

Jikoni, mama yao alikuwa akigeuza tortila, chapati nyembamba za mahindi, kwenye kikaango cha chuma. Maharage yalikuwa tayari, na mayai pia. Baba yao alikuwa ameinama akifunga buti za kazini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kifua chake kilikuwa kama pipa, kwa maana tangu ujana alikuwa akibeba magunia ya vitunguu katika ghala la kufungashia. Beto alikitazama kifua hicho kama mtu mwenye njaa anavyotazama dirisha la mwoka mikate.

"Baba, wewe ulianza kupata kifua ukiwa na umri gani?"

Baba alifikiri. "Sijui. Siku moja mama yako aliniambia vifungo vya shati vinagoma."

"Nilikuwa nakuambia unakula sana," alisema Mama bila kugeuka.

Meli alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Beto hakucheka. Alikula haraka, akachukua mkoba, akaondoka. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu ni siku ya kifua.

Hakuna ajuaye nani alitunga sheria hiyo, lakini Marekani nzima inaifuata. Ingia chumba chochote cha vyuma siku ya Jumatatu, utakuta watu wamepanga foleni kwenye benchi la kusukumia chuma kifuani, huku vifaa vya kujengea miguu na mgongo vikiwa vimekaa kama wageni wasio na mwenyeji. Katika sekondari ya Santa Delfina, kusini kabisa mwa Texas, mambo yalikuwa hivyohivyo. Kwao kunyanyua vyuma ulikuwa mchezo kamili wa shule, wenye timu, sare na mashindano, na timu yao iliitwa Ngiri.

Ukutani mwa chumba chao ilining'inia kengele ya shaba, iliyookolewa stesheni ya treni ilipobomolewa. Ilikuwa na kamba moja na sheria moja. Mwanafunzi anayefaulu kwa mara ya kwanza kusukuma mtaimbo wenye sahani kubwa ya chuma kila upande, jumla ratili mia moja thelathini na tano, huivuta kamba hiyo. Kengele ikilia, kila mtu huacha alichoshika na kupiga makofi. Wapo wazee wa mji ambao wamesahau waliyofundishwa katika hesabu, lakini siku waliyopiga kengele wanaikumbuka mpaka rangi ya soksi walizovaa.

Beto aliitamani kengele ile kuliko kitu chochote. Aliamini kwamba akishaipiga, kifua kitakuja chenyewe. Kwa hiyo alisukuma kifua Jumatatu shuleni, na Jumanne, Jumatano na Alhamisi akasukuma tena katika gereji ya rafiki yake Rolo. Kazi za mgongo na miguu alizopangiwa na kocha alizifanya nusunusu, au akaenda kunywa maji mpaka zikaisha. Bega lake la kulia lilikuwa limeanza kuuma kila alipovaa mkoba. Hakumwambia mtu.

Mtu anayesukuma chuma amelala chali haachwi peke yake. Kichwani pake husimama mwenzake, naye huitwa mlinzi. Kazi yake ni kuudaka mtaimbo ukimshinda mwenzake, kabla haujamlalia kifuani. Mlinzi wa Beto alikuwa Rolando Salinas, ambaye watu wote walimwita Rolo. Walikuwa marafiki tangu chekechea. Rolo alikuwa mnene, mpole, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakujua kumnyima mtu kitu.

Jumatatu hiyo kocha alikuwa upande wa pili wa chumba. Beto alimkonyeza Rolo.

"Tia kubwa."

"Kubwa? Alhamisi gerejini ulikwama na ndogo, bwana."

"Siku hiyo nilikula vibaya. Tia."

Rolo alitia sahani kubwa, moja kila upande, akakaza vibano. Beto alilala, akashika mtaimbo, akauondoa kwenye ngowe za benchi. Aliuteremsha haraka ukadunda kifuani kama mpira, na mdundo huo ukaupandisha kidogo. Kisha ukasimama. Uso ulimwiva.

"Twende, Beto. Nguvu yote yako," alisema Rolo, na akapitisha vidole viwili vya kila mkono chini ya mtaimbo. "Yote yako hiyo. Mimi sipo. Yote yako."

Mtaimbo ulipanda. Ulipanda polepole, umelala upande mmoja, lakini ulipanda mpaka ukagonga ngowe. Beto aliruka kutoka benchini, akakimbilia ukutani na kuivuta kamba kwa nguvu zake zote.

Kengele ililia. Watu walipiga makofi. Mtu alimpiga mgongoni, mwingine akamvuruga nywele. Kocha Imelda Ybarra alikuja akipenya katikati yao. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, aliyefundisha jiografia asubuhi na vyuma jioni, na katika vyote viwili hakupenda kurudia maneno.

"Rolo," alisema, "ulishika?"

Rolo alitazama viatu vyake. "Vidole tu, Kocha. Kidogo."

"Hakugusa," alisema Beto haraka. "Aliviweka karibu tu. Si ndiyo, Rolo?"

Rolo alimtazama rafiki yake, akaitazama kengele iliyokuwa bado ikitikisika. "Karibu tu," alisema.

Kocha alimgeukia Beto. "Jumamosi tunakaribisha shule nyingine hapa. Nilikupangia uanze na uzito mdogo, Cavazos. Sheria unaijua. Uzito wa kuanzia ukishautaja, unaweza kupanda, lakini huwezi kushuka. Una nafasi tatu. Ukikosa zote, umetolewa, na timu haipati pointi yako hata moja."

"Nitaanza na sahani kubwa, Kocha."

"Una hakika?"

Wenzake wote walikuwa wakimtazama. "Nina hakika."

"Kesho naondoka na timu ya wasichana, sitakuwepo kukupima. Neno lako linanitosha," alisema Kocha Ybarra, akaenda zake.

Beto angependa kama angemgombeza.

Jumamosi ukumbi wa michezo ulijaa. Familia zilikuja na masanduku ya barafu, mito ya kukalia na watoto wachanga. Bibi Chelo, mama yake baba, alikuwa amekaa safu ya mbele na kipepeo chake cha kujipepea, amezungukwa na wajukuu. Katika zoezi la kwanza kati ya matatu, la kuchuchumaa na chuma mabegani, Beto hakufanya vibaya. Ndipo ikaja zamu ya benchi.

Jukwaani hapakuwa na Rolo. Kichwani pa benchi alisimama mwanamume asiyemjua, amevaa kofia, mikono ameiinua wazi ili kila mtu aione. Waamuzi watatu walikaa pande tatu, kila mmoja na taa yake: nyeupe kama umefaulu, nyekundu kama umeshindwa. Beto aliuteremsha mtaimbo. Alikuwa amezoea kuudundisha, lakini katika mashindano lazima chuma kitulie kimya kifuani mpaka mwamuzi atoe amri. Kilitulia. Kilikuwa kizito kuliko alivyowahi kukijua.

"Sukuma," alisema mwamuzi.

Beto alisukuma. Ilikuwa kama kusukuma ukuta wa nyumba. Mtaimbo haukupanda hata upana wa kidole, na yule mwenye kofia akauinua na kuurudisha. Taa tatu nyekundu.

Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Mara ya tatu, akiwa amelala chini ya chuma kisichosogea, macho yake yalimtafuta Rolo bila yeye kutaka. Alimwona pembeni mwa jukwaa, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ndipo alipoelewa uzito wa vidole vile.

Taa tatu nyekundu. Alikuwa nje.

Kocha Ybarra alimtupia taulo. "Umeumia?"

"Hapana, Kocha."

"Basi vaa viatu ukawashangilie wenzako."

Ngiri walikosa kombe kwa pointi chache, chache kiasi kwamba pointi za Beto zingetosha na kubaki. Hakuna aliyemwambia hivyo. Kila mtu alijua kupiga hesabu.

Garini, wakirudi nyumbani, Bibi Chelo alijipepea kwa hasira. "Mimi sijamwelewa yule mwanamume wa kofia. Amesimama palepale, ana mikono miwili, anamwona mjukuu wangu anahangaika. Kilimshinda nini kumsaidia kidogo?"

"Hairuhusiwi, Mama," alisema Baba.

"Mbona Rolo huwa anamsaidia? Nimewaona gerejini."

Baba alimtazama Beto kwenye kioo kidogo cha kutazamia nyuma, akarudisha macho barabarani. Walipofika nyumbani aliwaacha wengine washuke.

"Ulikuwa unasaidiwa?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ulijua?"

Beto alitaka kusema hapana. Neno lilifika mdomoni likakataa kutoka. "Nilijua. Nilikuwa sitaki kujua."

Baba aliitikia kwa kichwa. "Basi Jumatatu una kazi," alisema, akafungua mlango.

Jumatatu, kabla mtu hajagusa chuma, Beto alisimama chini ya kengele.

"Niliipiga hii kwa uongo," alisema. "Rolo alishika. Kocha alipouliza nikasema hakugusa. Kombe tumelikosa kwa sababu yangu. Naomba mnisamehe."

Kutoka nyuma mtu alisema, "Beto Kengele," na wengine wakaangua kicheko. Beto alisimama tu, masikio yakimwaka.

"Na mimi," alisema Rolo kwa sauti ndogo, akaja kusimama kando yake. "Vidole vilikuwa vyangu."

Nayeli Cantú, nahodha wa wasichana, alikuwa ameegemea nguzo akila ndizi. Hakuna mvulana wa darasa lake aliyeweza kunyanyua alichonyanyua yeye. "Mwaka wangu wa kwanza," alisema, "nilimtapikia mwamuzi viatu. Vyeupe. Vipya. Kwa hiyo wewe, Kengele, bado hujaaibika vya kutosha. Tufanye kazi jamani, kuna baridi."

Safari hii watu walicheka kicheko kingine, na Beto akaweza kupumua.

Kocha Ybarra aliwaita wawili hao kwenye benchi la pembeni. Hakupandisha sauti. Alimlaza Beto chini ya mtaimbo mtupu, bila sahani hata moja.

"Teremsha. Tuliza. Subiri amri."

"Ni mwepesi, Kocha."

"Nimekuuliza uzito wake?"

Beto alisubiri. Alisubiri mpaka mtaimbo mtupu ukaanza kuwa na uzito. "Sukuma," alisema Kocha, na ulipopanda akamwambia, "Hapo ndipo ulipo. Hapo ndipo tunapoanzia. Sasa keti. Geuka. Nionyeshe mgongo wako."

Alibonyeza bega la kulia kwa kidole gumba, Beto akaruka.

"Linauma tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Unasukuma kifua kila siku, huvuti kitu chochote. Mabega yamekuja mbele kama ya mtu anayetafuta kitu chini. Sikiliza, Cavazos. Ukilala kwenye benchi, unasukuma ukiwa umeegemea mgongo. Mgongo wako mwembamba, ndiyo maana kifua hakina pa kuegemea. Na msuli haukui wakati unaupiga. Unauchosha leo, unakua kesho ukiwa umepumzika, umekula, umelala. Wewe hujawahi kuupa hiyo kesho."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Kifua mara mbili kwa wiki, basi. Unachosukuma, unavuta vilevile. Mazoezi ya miguu huyakimbii tena kwenda kunywa maji, nakuona. Unakula chakula cha mama yako, si ule unga wa kopo wa kujengea misuli. Na bega likiuma, unaniambia siku hiyohiyo."

Kisha alimgeukia Rolo, ambaye alikuwa ameanza kurudi nyuma taratibu.

"Wewe njoo hapa. Una moyo mzuri, Rolo, lakini umempa rafiki yako kitu ambacho hukuwa nacho cha kumpa. Kuanzia leo, mlinzi yeyote wa chumba hiki akigusa mtaimbo, anasema 'nimegusa', kwa sauti, wote tusikie. Hatukosani kwa hilo. Tunasema tu."

Ndivyo lilivyoanza neno lile. Siku za kwanza lilisikika kila mara: "Nimegusa." "Nimegusa." "Samahani, nimegusa tena." Wakubwa wa timu, ambao hawakuwahi kutiliwa shaka, waligundua kwamba nao walikuwa wakinyanyua baadhi ya vitu kwa mikono ya watu. Walinung'unika, wakapunguza uzito, wakaanza upya. Rolo ndiye aliyeteseka kuliko wote. Kumwona Beto amekwama na yeye kutulia kulimtoa jasho kama vile chuma kimemlalia yeye. Lakini alijifunza kutofautisha mtu anayepigana na mtu aliyeshindwa. Aliyeshindwa alimwokoa mara moja. Anayepigana alimwacha apigane.

Beto alivuta. Alivuta chuma akiwa ameinama, akavuta kamba za mashine, akaning'inia kwenye mti wa kujivutia juu mpaka viganja vikaota sugu. Aliteremsha mtaimbo polepole, akautuliza, akasubiri amri. Sahani ndogo zilikuja, kisha za wastani. Zipo wiki uzito haukupanda kabisa, akarudi nyumbani amenuna, na Meli akamwambia kwamba sura hiyo ndiyo inayotisha misuli isitoke. Bega liliacha kuuma. Alikula alichopikiwa akaomba tena, akalala mapema, na kwa kuwa asubuhi alikuwa na usingizi mtamu, hakuwa tena na muda wa kukaa mbele ya kioo.

Kwa hiyo hakuwa yeye aliyekiona kifua kimekuja. Jumapili moja ya Machi familia ilikuwa ikienda kanisani, na Bibi Chelo akamsimamisha mlangoni amfunge shati. Alifunga kifungo cha chini, akafunga cha katikati, akafika cha kifuani akavuta, akavuta tena.

"Shati hili mmelifua kwa maji ya moto?"

Mama alikuja, akatazama. Baba naye alitazama, kisha akamtazama Mama.

"Usiseme anakula sana," alisema Baba.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi, na Meli, ambaye hakuwa na la kusema kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, alikwenda kukaa garini.

Mashindano ya mkoa yalifanyika mwishoni mwa mwezi huo. Katika kundi la uzito wa Beto, mvulana mmoja wa shule ya pwani alikuwa amempita kidogo. Kocha alikuwa amekwishapiga hesabu: Beto akimshinda huyo, Ngiri wanachukua kombe. Ili amshinde, hapakuwa na njia nyingine. Ilibidi asukume sahani kubwa kila upande.

Alianza na uzito mdogo. Taa tatu nyeupe. Akaongeza. Nyeupe tatu. Ikabaki nafasi ya mwisho.

"Kubwa, Cavazos?" aliuliza Kocha.

"Kubwa, Kocha."

Hakumuuliza kama ana hakika.

Beto alilala. Kichwani pake alisimama mlinzi kijana, amejitolea siku hiyo, mwenye macho ya wasiwasi. Mtaimbo ulishuka, ukatulia. Ukumbi ulikuwa kimya, isipokuwa kipepeo cha Bibi Chelo.

"Sukuma."

Ulipanda. Ulipanda wenyewe mpaka nusu ya njia, kisha ukapunguza mwendo, na Beto akaukaza mgongo dhidi ya benchi na kupigana nao. Ndipo, kwa muda mfupi kama kupepesa jicho, chuma kikawa chepesi. Wepesi ule aliujua. Alikuwa ameishi nao katika gereji ya Rolo. Mtaimbo ulifika juu, mwamuzi akasema "Rudisha," na taa zikawaka.

Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe.

Ukumbi ulilipuka. Ngiri walirukiana. Bibi Chelo alikuwa amesimama juu ya kiti na Baba amemshika kiunoni. Beto aliketi benchini. Aliwaona wote, na alijua kwamba katika ukumbi mzima ni watu wawili tu wanaojua. Alimgeukia mlinzi kijana. Kijana alikwepesha macho.

Beto alisimama, akamwendea mwamuzi mkuu.

"Bwana mwamuzi, chuma kiliguswa."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Kiliguswa katikati. Vidole tu, lakini kiliguswa. Nguvu siyo yote yangu."

Kelele zilikufa kidogo kidogo, kama redio inayopunguzwa sauti. Mwamuzi alimtazama mlinzi. Kijana aligeuka mwekundu mpaka shingoni. "Niliogopa kitamwangukia," alisema. "Samahani. Sikukusudia."

Waamuzi waliinamiana wakajadiliana. Kando ya jukwaa, nahodha wa wavulana wa Ngiri alijishika kichwa. "Amefanya nini huyu? Tulikuwa tayari tunaongoza."

"Nyamaza," alisema Nayeli.

Mwamuzi mkuu alizima taa zile nyeupe. Kisha akatangaza kwamba kosa ni la mlinzi, wala si la mnyanyuaji. Kwa hiyo mnyanyuaji anaruhusiwa kurudia mwishoni mwa raundi, uzito uleule.

Beto alirudi kuketi. Mikono ilikuwa mizito kama imefungwa mawe. Kocha Ybarra alichuchumaa mbele yake, akampa maji.

"Umechoka?"

"Nimechoka, Kocha."

"Uliposukuma mara ile, mpaka katikati kilikuwa cha nani?"

"Changu."

"Basi umebakiza nusu tu ya kazi."

Rolo alikuwa amesimama nyuma ya Kocha, vidole amevificha kwapani. "Mimi naona kitapanda," alisema. "Na unajua siku hizi sisemi uongo."

Jina lake liliitwa. Mlinzi alikuwa mwingine safari hii, mama mmoja mtu mzima, mikono ameiinua juu wazi. Beto alibana mabega nyuma, akakanyaga sakafu kwa miguu ile ambayo zamani ilikuwa ikikimbilia maji, akauondoa mtaimbo. Aliuteremsha polepole. Ulitulia kifuani. Alisubiri.

"Sukuma."

Mwanzo ulipanda vizuri. Katikati ukasimama, palepale pa mara ile. Safari hii haukuwa mwepesi. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mgongo wake, na kifua chake, na Jumatatu zote zile za mtaimbo mtupu. Beto alifumba macho akasukuma. Hakuna kilichotokea. Akaendelea kusukuma. Chuma kikasogea upana wa ukucha, kisha upana wa kidole, kisha kikapita mahali pale pagumu, na viwiko vikanyooka.

"Rudisha."

Alibaki amelala, anaogopa kutazama. Alizijua taa kwa vigelegele vya bibi yake.

Katika zoezi la mwisho, la kung'oa chuma sakafuni, mgongo wake mpya ulifanya kazi iliyobaki. Mvulana wa shule ya pwani alikuja kumpa mkono. Ngiri walirudi Santa Delfina usiku na kombe limefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele cha basi, kana kwamba ni abiria.

Jumatatu, chumba cha vyuma kilijaa hata watu ambao hawakuwa wa timu. Kocha Ybarra alisimama chini ya kengele.

"Sipendi hotuba," alisema, "kwa hiyo sikilizeni mara moja. Siku Cavazos alipoipiga kengele hii mara ya kwanza, alikuwa na kelele bila nguvu. Leo ana nguvu, na hata akiamua kutoipiga, atakuwa nayo. Mnataka vifua vikubwa, nawajua, nilikuwa mtoto pia. Mtavipata. Kuleni, laleni, vuteni mnavyosukuma, mpeni mwili muda wake. Lakini mtu akikunyanyulia chuma chako, hata kwa kukupenda, amekuchukulia kazi ambayo ingekujenga. Na ukijidanganya kuhusu uzito unaoubeba, siku ya jukwaa uzito hautakudanganya. Semeni ukweli kwanza. Nguvu itafuata. Haya, Cavazos, kamba hiyo hapo."

Beto alisogea ukutani. Aliishika kamba, akafikiri, akaiachia.

"Rolo," aliita. "Njoo tuvute wote."

"Mimi? Mimi sijasukuma."

"Hukusukuma, na hukugusa. Njoo."

Rolo alikuja akiona haya. Alinyoosha vidole vyake viwili, vilevile, akavizungusha kwenye kamba chini ya ngumi ya Beto. Wakavuta. Kengele ya shaba ililia mpaka madirisha yakaitikia.

"Nimegusa," alisema Rolo kwa sauti, na chumba kizima kikaangua kicheko na makofi.